Ganda la chungwa: mbona Muheza linanukia na huku Dodoma linaacha uchungu?

#1 Mama Ipagala
Habari za jioni wadau wa jikoni.

Naanza na dai, swali linafuata. Anayenunua chungwa akala nyama na kutupa ganda, ametupa sehemu yenye harufu. Juisi ni utamu na uchachu. Anayebisha azibe pua, apewe kijiko cha juisi ya chungwa na kijiko cha juisi ya chenza, aseme ipi ni ipi. Harufu imekaa kwenye ngozi ya nje, na huku kwetu ngozi hiyo wanakula mbuzi wa mtaani.

Sasa swali. Wifi yangu anaishi Muheza. Anakwangua ganda la chungwa, ile rangi ya juu tu, anachanganya kwenye unga wa mandazi, na vipande vichache anatumbukiza kwenye birika la chai ya rangi. Ukiingia kwake asubuhi unaipata harufu kabla hujakaribishwa kiti. Nimemwangalia kwa makini nikarudi Dodoma kufanya vilevile. Kifaa ni kilekile, cha kukwangulia karoti, upande wa matundu madogo. Mandazi yananukia vizuri, lakini ukimeza unabaki na uchungu nyuma ya ulimi. Chai ndiyo mbaya zaidi, watoto wanaiacha. Machungwa nanunua Majengo, mara nyingine Sabasaba, na wauzaji wanasema yametoka hukohuko Tanga.

Tofauti iko wapi? Wajuzi naombeni majibu.

#2 Mtoto wa Chinangali
Unakwangua mpaka kwenye nyeupe. Nyeupe ndiyo chungu. Uzi ufungwe.

#3 Mama Ipagala
Nyeupe siigusi. Kila nikipitisha mara moja nageuza chungwa. Soma tena mdogo wangu.

#4 Mwana Muheza
Nimesikia kwetu kunatajwa, nimekuja.

Dada, machungwa ya wifi yako yametoka mtini jana. Ya kwako yamechumwa mapema ili yavumilie lori, yakapita Chalinze na Morogoro chini ya turubai, yakafika Majengo ngozi imeanza kusinyaa. Chukua chungwa la shambani ulibonyeze ganda: linarusha mafuta hadi jichoni. Kisha bonyeza la kwako. Mafuta yakishapungua, unabaki unakula ngozi.

Na msidhani la kijani ndilo bichi. Sisi usiku wetu una joto, ganda linabaki na kijani hata ndani likiwa tamu kabisa. Uliza pia aina. Kuna Msasa, kuna Jaffa, kuna Valencia, na ngozi zake hazifanani.

#5 Mwalimu wa Kemia
Kuhusu kijani namuunga mkono Mwana Muheza. Klorofili ya ganda huvunjika vizuri usiku ukiwa na baridi, chini ya nyuzi 13 hivi. Machungwa ya Hispania hupata rangi kwa sababu hiyo, na ya pwani yetu hubaki kijani.

Kuhusu uchungu, tutenganishe vitu viwili ambavyo majina yake yanakaribiana. Cha kwanza ni limonene. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya ganda, zaidi ya asilimia 90 kwenye chungwa. Iko kwenye vifuko vidogo vya ngozi ya juu, vile vidoti unavyoviona ukilisogeza chungwa kwenye mwanga. Kunja ganda bichi karibu na mshumaa utaona cheche, ni hayo mafuta yanawaka. Ni harufu, na yakizidi yanaleta ukali unaowasha ulimi.

Cha pili ni limonini. Hii iko kwenye nyeupe, kwenye utando wa vipande na kwenye mbegu. Ndani ya tunda zima haina uchungu. Ukishalikata au kulisaga, ikikutana na asidi ndipo inageuka kuwa chungu polepole, na joto linaiharakisha. Juisi uliyokamua asubuhi ikawa tamu, jioni ikawa na uchungu, ni kazi ya limonini hiyo.

Halafu tunda lililochumwa kabla ya kukomaa lina limonini nyingi kuliko lililokomaa. Kwa hiyo nadharia ya lori ina mguu wa kusimamia, ila kwa sababu tofauti na aliyoitoa Mwana Muheza. Shida ni kwamba yeye anasema mafuta yamepungua, wakati mama analalamika kuhusu uchungu. Mafuta kupungua hakuleti uchungu.

#6 Mgogo wa Hombolo
Mbukwenyi.

Mnazunguka sana. Ni maji. Mama, tazama ndani ya birika lako. Kama lina ukoko mweupe, hayo ndiyo maji unayopikia chai. Maji ya visima vya Dodoma kila mtu anayajua, sabuni haitoi povu, chai inapata utando juu. Kinga maji ya mvua upike chai ileile na ganda lilelile, uje utuambie. Sisi nyumbani maji ya mvua ya kwanza safi tunayatunza kwa ajili ya chai ya wageni.

#7 Mtoto wa Chinangali
Mvua gani mwezi huu mkuu? Mama asubiri hadi Desemba ndiyo anywe chai?

#8 Mwalimu wa Kemia
Mgogo wa Hombolo, kwenye chai nakubali kwa nusu. Maji magumu yana kalsiamu na yanaidumaza chai, ule utando unatokana na hilo. Ila chumvi yenyewe, ikiwa kidogo, inapunguza uchungu ulimini. Mtu akinyunyizia chumvi kwenye balungi linakuwa tamu zaidi. Na mandazi yanatumia maji kiasi gani? Maji hayaelezi mandazi.

#9 Fundi Jiko
Nimepika kwenye hoteli mbalimbali hapa mjini, na ganda la limau na chungwa nalitumia kila siku. Naomba niulize mawili kabla ya kusema. Mama, unakaangia mafuta gani? Na wifi anakandia unga kwa maji au kwa tui?

#10 Mama Ipagala
Nakaangia alizeti ya kukamua hapahapa. Wifi anakandia kwa tui la nazi. Mimi maji ya vuguvugu, nikipata maziwa naweka.

#11 Fundi Jiko
Basi hapo ndipo penyewe.

Mafuta ya ganda hayachanganyiki na maji, yanashikwa na mafuta mwenzake. Unga wa wifi una mafuta ya nazi ndani, harufu inashikwa humo na kubaki hadi andazi likiiva. Na kitu chenye mafuta kinafunika uchungu ulimini. Unga wako hauna mafuta, harufu inaondoka na mvuke wa kukaangia, kinachobaki ni ule uchungu mdogo ambao kwa wifi pia upo ila umefunikwa.

La pili ni hiyo alizeti. Mimi ni mtu wa Singida, alizeti naipenda, siisemi vibaya. Lakini ile isiyosafishwa ina harufu yake nzito. Kwenye mboga ya majani ni sawa kabisa. Kwenye andazi lenye ganda la chungwa inagombana, na ikishachemshwa mara mbili tatu inaongeza ukali wake.

Fanya hivi. Ganda la machungwa mawili, likwangue juu ya sukari ile utakayotumia kwenye unga, kikombe kimoja tuseme. Kisha sugua kwa vidole hadi sukari ilowe na kubadilika rangi. Punje za sukari zinakwaruza vile vifuko na kuyanywa mafuta. Iache dakika 20 imefunikwa. Halafu weka siagi au mafuta kidogo ya vuguvugu kwenye unga, ndiyo ukande. Utahitaji ganda pungufu kuliko unaloweka sasa, na nadhani sasa unaweka mengi mno.

#12 Dada wa Kondoa
Nakazia ya sukari. Kwetu Kondoa kaimati za futari bila ganda la limau kwenye shira hazijakamilika. Shira ikishanata unaepua, NDIPO unakwangua limau juu yake na iliki kidogo, unafunika. Ukichemsha ganda pamoja na shira tangu mwanzo, harufu yote inakwenda kwa jirani na wewe unabaki na uchungu.

Mama Ipagala, wifi anatumbukiza ganda kwenye chai likiwa bado jikoni au limeepuliwa?

#13 Mama Ipagala
Likiwa jikoni linachemka. Nimeona kwa macho yangu. Ndiyo maana nimekuja kuuliza, maana kwa maelezo yenu chai yake ingekuwa chungu kuliko yangu.

#14 Mtoto wa Chinangali
Sasa wataalamu mpo kimya.

#15 Mkunywa Chai
Mimi nina wazo ambalo hamjaligusa. Dodoma tuko juu, mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Chai inachelewa kukolea, mama anaiacha jikoni muda mrefu, na muda ndio unaokamua uchungu.

#16 Mwana Muheza
Hahaha, sasa mlima umeingia kwenye chai. Sisi tumeshachemsha na kumaliza birika, ninyi bado mnangoja.

#17 Mwalimu wa Kemia
Takwimu za Mkunywa Chai ni sahihi, hitimisho lina tatizo. Tofauti ya nyuzi nne haitoshi kuleta jambo analosimulia mama. Kama anachemsha dakika tano na wifi naye dakika tano, ganda halijui liko mita ngapi.

Nirudi kwa Fundi Jiko: hoja ya tui ni nzuri kwa mandazi, lakini chai ya rangi haina tui. Na hoja ya maji ya Mgogo wa Hombolo inafaa chai, haifai mandazi. Inawezekana tuna matatizo mawili yanayofanana jina.

#18 Kijana wa Miwa
Wakubwa shikamooni. Nina mashine ya juisi ya miwa karibu na stendi. Sisi ndimu tunaisaga nzima, na ganda lake, katikati ya miwa pamoja na tangawizi. Ndimu bila ganda mteja anajua, anasema leo umenipunja. Lakini juisi ile ni ya kunywa hapohapo. Mteja akisema nifungie niende nayo Kongwa namwambia ukweli, ukifika itakuwa chungu. Hata kwenye barafu inabadilika, inachelewa tu. Sikuwa najua jina lake, leo nimejua ni limonini. Asante mwalimu.

Jambo jingine: ndimu ngumu, ngozi nene yenye vipele, ndiyo inayoharibu juisi. Ile yenye ngozi laini, nyembamba, inayong'aa, haina shida. Mama aangalie ngozi ya chungwa kwanza.

#19 Mama Ipagala
Marahaba mwanangu. Hiyo ya ngozi nene umenifungua macho, ya kwangu mara nyingi ni manene. Nitalinganisha.

#20 Bibi wa Mpwapwa
Wajukuu, haya yote ya kukwangua yametoka wapi? Sisi Mpwapwa mlimau upo uani, unamwagiliwa maji ya kuoshea vyombo. Chai tunaweka majani yake mawili machanga. Harufu ileile, hakuna uchungu, na mti haupungui. Mchaichai nao upo. Mama, achana na ganda uwekee watoto majani, watakunywa.

#21 Mwalimu wa Kemia
Shikamoo bibi. Bibi amesema jambo zito. Kinachofanya limau linukie kama limau ni sitrali, na kwenye mafuta ya ganda la limau ni kidogo tu. Kwenye mafuta ya mchaichai sitrali ndiyo sehemu kubwa. Kwa hiyo anayetaka harufu ya limau kwenye chai anaipata kwa mchaichai kirahisi na kwa wingi. Ila chungwa ni jambo jingine, harufu yake mchaichai hauna.

#22 Bibi wa Mpwapwa
Marahaba.

#23 Mgogo wa Hombolo
Bibi umetuokoa. Nilikuwa naogopa tukifika ukurasa wa tatu watu wataanza kuweka ganda la chungwa kwenye mlenda. Siku hiyo nahama mkoa.

#24 Dada wa Kondoa
Mlenda na ganda la ndimu, punje kidogo mwishoni, wenye pilipili... Mgogo wa Hombolo jaribu kabla ya kuhama.

#25 Mgogo wa Hombolo
Mods, huyu afungiwe.

#26 Mpishi wa Mtera
Niongezee upande wa samaki. Perege wa Mtera wakati fulani wana ile harufu ya tope. Watu wanapaka ganda la ndimu wakidhani linaondoa. Ninachokiona miaka yote ni kwamba juisi ndiyo inayoondoa, ganda linafunika tu. Mimi naloweka kwenye maji ya ndimu na chumvi kwanza, nasuuza, nakaanga, halafu ganda lililokwanguliwa napiga juu samaki akiwa moto kwenye sahani. Hapo mtu anakula hadi mifupa.

#27 Mwalimu wa Kemia
Mpishi wa Mtera yuko sahihi, na sababu ipo. Harufu ya tope inatokana na jeosmini, inayotengenezwa na viumbe wadogo wa majini. Asidi inaivunja. Ganda halina asidi ya maana, asidi iko kwenye juisi.

#28 Nesi wa Zamu
Samahani kwa kuwaingilia wapishi, lakini kuna mambo ya afya hayajasemwa na yananihusu.

Kwanza, balungi. Kuna dawa haziendi nalo, juisi wala ganda. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu kama nifedipine na felodipine, na dawa ya kolesteroli iitwayo simvastatin. Ndani ya balungi mna furanokumarini ambazo zinazuia kimeng'enya cha kuvunja dawa hizo utumboni, dawa inaingia nyingi kwenye damu kuliko ulivyoandikiwa. Watafiti wa Kanada walilikuta jambo hili bila kulitafuta, walitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe kwenye jaribio la felodipine, wakachapisha mwaka 1989. Madanzi nayo yana kemikali hizo. Chungwa la kawaida na chenza hazina shida hiyo. Mwenye dawa aulize alikoandikiwa kabla ya kuanza mapishi haya.

Pili, ndimu na jua. Mtu akikwangua au kukamua ndimu nyingi nje juani, na jua la Dodoma mnalijua, mafuta ya ganda yakibaki kwenye ngozi yanaunguza. Kesho yake au keshokutwa yanatoka malengelenge, kisha alama nyeusi za wiki nyingi. Nimeona watoto waliochezea maganda wakadhaniwa wamemwagiwa uji wa moto. Nawa kwa sabuni kabla ya kutoka nje, maji matupu hayatoi mafuta.

Kijana wa Miwa hasa nakuambia wewe, mikono yako iangalie.

#29 Kijana wa Miwa
Nesi umejibu swali la miaka. Nina alama kwenye kiganja cha kushoto na nimekuwa nikisema ni mashine. Asante sana.

#30 Mtoto wa Chinangali
Kuna kitu hamjakisema. Yule jamaa wa toroli la machungwa anayemenya kwa kisu. Ganda linatoka refu, jembamba, halina nyeupe kabisa, nyeupe yote imebaki kwenye chungwa. Hakuna kifaa cha dukani kinachofikia mkono ule. Na ganda lote lile linatupwa kwenye ndoo. Mama, nenda na mfuko uombe.

#31 Nesi wa Zamu
Asiombe. Machungwa yale hayajaoshwa, na kisu kimepita kwenye mia moja kabla ya lako. Ukila nyama ya ndani ni afadhali, lakini ganda ndilo lililobeba vumbi la barabara.

#32 Fundi Jiko
Nesi ana haki, na Mtoto wa Chinangali naye ameona vizuri. Suluhisho: osha machungwa yako nyumbani kwa maji ya moto kiasi na brashi, yakaushe kwa kitambaa, kisha umenye kwa kisu kikali kama yule kijana. Katakata vipande vyembamba. Kwa chai na juisi kisu ni bora kuliko kukwangua, maana kukwangua kunapasua kila kitu na kutoa cha uchungu na kisicho cha uchungu. Kwa keki na mandazi kwangua.

Na yale malimau ya nje yanayong'aa kwenye maduka makubwa, mara nyingi yamepakwa nta na dawa ya kuzuia ukungu ili yavumilie safari. Kwa ganda tafuta ya kwetu.

#33 Mwana Muheza
Mmesikia. Ya kwetu.

#34 Mama Asali
Nauliza kuhusu kukausha. Kwa kuwa msimu wa machungwa yanajaa sokoni halafu yanapotea, nataka nikaushe ganda nitumie baadaye. Juani au kivulini?

#35 Mkulima wa Zabibu, Mpunguzi
Juani. Hewa ya kiangazi huku ni kavu, ganda jembamba linakatika kama kuni siku ya pili. Mtu wa Tanga akianika kwake linaota ukungu. Hapa ndipo Dodoma tunawashinda pwani.

#36 Dada wa Kondoa
Kivulini! Jua linachukua rangi na harufu, unabaki na karatasi. Anika kwenye ungo, chumba chenye upepo, dirisha wazi.

#37 Mkulima wa Zabibu, Mpunguzi
Kivulini Juni na Julai upepo unaleta vumbi. Utakula udongo wa Mpunguzi.

#38 Dada wa Kondoa
Kitambaa cha chandarua juu yake. Ndiyo maana Mungu alikuumba na akili kaka yangu.

#39 Mzee wa Mji Mpya
Mnabishana juu ya kitu ambacho watu wengine wanakijua karne na karne. Wachina wanakausha ganda la chenza na kulitunza miaka, na wao wanaona likikaa ndilo linalopanda thamani, wanaliweka kwenye nyama na supu. Waarabu wa Oman wanachemsha ndimu nzima kwenye maji ya chumvi, wanaanika juani hadi inakuwa nyeusi na nyepesi, wanatoboa na kuitumbukiza kwenye mchuzi. Kwa hiyo jua si adui. Ila harufu mpya ya chungwa usiitegemee kutoka kwenye kitu kikavu. Kikavu kina harufu nyingine, nzito, inafaa nyama ya mbuzi kuliko andazi.

Nimejaribu kusaga ganda kavu la chungwa na pilipili manga na chumvi, nikapaka mbavu za mbuzi kabla ya kuchoma, nyama niliyonunua mnada wa Msalato. Wageni waliuliza nimeweka nini.

#40 Mtoto wa Chinangali
Mzee, wageni wa lini hao? Mbona hatukuitwa?

#41 Mama wa Jemu
Nawatetea wenye nyeupe, maana tangu ukurasa wa kwanza inatukanwa. Nyeupe na mbegu ndimo ilimo pektini, inayofanya jemu igande. Jemu ya machungwa mnayonunua dukani ina ganda ndani, na ile ya Waingereza inapikwa kwa madanzi, machungwa machungu kabisa, kwa makusudi. Mimi mbegu na nyeupe nafunga kwenye kitambaa safi, vinachemka na jemu, kisha nakamua kitambaa na kukitoa. Uchungu kidogo unabaki na ndio unaofanya mtu asikinai sukari.

Kwa hiyo Mama Ipagala, pengine uchungu wako si ugonjwa. Ongeza sukari kidogo uone.

#42 Mama Ipagala
Dada wa jemu, watoto wangu hawajafika huko.

Nimefanya njia ya Fundi Jiko kama alivyoelekeza. Ganda kwenye sukari, siagi kidogo kwenye unga, nimekaangia mafuta yaliyosafishwa. Mandazi yametoka mazuri, uchungu hakuna, jirani ametuma mtoto kuuliza. Ila nimebadilisha vitu vitatu kwa mpigo kwa hiyo siwezi kusema kipi kimefanya kazi.

Chai nimepika na maji ya chupa, ganda la kumenya kwa kisu. Bado ina uchungu. Umepungua, upo. Kwa hiyo Mgogo wa Hombolo yuko sahihi kidogo na si kabisa.

#43 Mgogo wa Hombolo
Maji ya chupa si maji ya mvua. Nasubiri Desemba pamoja nawe.

#44 Mwalimu wa Kemia
Jaribio zuri. Sasa badilisha kimoja tu kwa wakati. Chai: majani yaleyale, maji yaleyale, nusu ya ganda, na uliweke baada ya kuepua. Uchungu ukiisha, tujue ni muda wa moto. Usipoisha, tuanze kuliuliza chungwa lenyewe.

Na swali ambalo hakuna aliyeuliza: wifi anatumia majani ya chai gani, na anaweka kiasi gani? Majani yakizidi, chai yenyewe ni chungu kabla ya ganda kuingia.

#45 Mwana Muheza
Usambara iko hapo juu yetu, chai yetu ni mpya. Nimesema tangu mwanzo kila kitu kipya kiko Tanga.

#46 Mtoto wa Chinangali
Huyu ametumwa na mkoa.

#47 Mwana Muheza
Kuna lingine la kitaalamu. Michungwa mingi siku hizi ni ya kubebesha, na shina linalobebeshwa mara nyingi ni la mlimau. Miti ya zamani ya wazee ilikuwa ya mbegu. Tunda la mti wa mbegu na la kubebesha hayafanani ngozi. Huenda wifi ana mti wa mzee uani, na ninyi mnaletewa ya shamba la biashara.

#48 Mwalimu wa Kemia
Hilo si la kupuuza. Shina linaathiri kiasi cha limonini kwenye tunda, na mlimau mkwaruzo ni kati ya mashina yanayosifika kwa kuongeza uchungu. Mama, muulize wifi kuhusu mti wake.

#49 Mama Ipagala
Nimempigia. Mti aliukuta kwenye kiwanja, haujui ulipandwa lini wala na nani. Majani ya chai ni ya kawaida ya pakiti, kama yangu. Anasema atanitumia machungwa Ijumaa.

#50 Mpenda Ubuyu
Nimefuatilia kimya kimya. Naacha ya kwangu. Unga wa ubuyu vijiko vikubwa vinne, maji lita moja ya vuguvugu, koroga, chuja. Sukari kiasi unachopenda, lakini kwanza isugue na ganda la limau moja kama alivyosema Fundi Jiko, iache, ndipo uimimine. Hakuna kuchemsha chochote. Weka kwenye friji, inywe siku hiyohiyo. Ubuyu una uchachu wake kwa hiyo juisi ya limau haihitajiki, unataka ganda tu, na limau lenyewe linabaki kwa ajili ya samaki.

#51 Dada wa Kondoa
Hii naifanya leo. Limau au ndimu?

#52 Mpenda Ubuyu
Limau. Ndimu inaushinda ubuyu nguvu.

#53 Kijana wa Miwa
Ndimu inafaa, kwangua nusu tu.

#54 Mama Asali
Malimau mazuri mnayapata wapi hapa mjini? Majengo juzi nimekuta ndimu tupu.

#55 Mkulima wa Zabibu, Mpunguzi
Jaribu soko la Job Ndugai asubuhi mapema, magari yakishusha. Chagua yenye ngozi laini kama alivyosema kijana wa miwa, na ubonyeze moja kabla ya kulipa.